Mkanda, Mota na Gurudumu la Mpira

Ukikaa na wapenda santuri wa Nairobi kwa nusu saa, lazima utasikia sentensi hii: deki ya mkanda ni ya kusikiliza, deki ya mota ya moja kwa moja ni ya ma-DJ. Anayeisema kwa kawaida hajaulizwa. Anaitoa tu, kama mtu anayekukumbusha kunawa mikono, na waliopo wanaitikia kwa kichwa.

Mimi sentensi hiyo imenichosha. Si kwamba ni uongo mtupu. Ina historia yake na nitaifikia. Shida ni kwamba inafanya watu wa rika langu watoe pesa ya kodi ya miezi miwili wanunue mashine bila kufikiria muziki walio nao. Na muziki tulio nao, wengi wetu, si jazz ya Marekani iliyochapwa upya juzi kwenye plastiki nzito ya gramu 180. Ni zile santuri ndogo za mizunguko 45 zilizotoka kwa guka, kwenye vibanda vya Kenyatta Market, kwenye katoni iliyokaa chini ya kitanda cha shangazi Kisumu miaka thelathini: benga, rumba, zilizopendwa, taarab ya Mombasa. Nyimbo zilizokatwa katikati, nusu upande wa kwanza na nusu upande wa pili, kwa sababu gita la mwisho lilikataa kutoshea kwenye dakika tatu. Nyingi kati ya hizo hutazipata Spotify hata ukitafuta usiku kucha. Na kila ukiicheza santuri, unaila kidogo. Kwa hivyo swali la mashine gani iiguse si swali la urembo wa sebule.

Deki ina kazi mbili: izungushe sahani kwa mwendo uleule, halafu inyamaze. Basi. Santuri kubwa huzunguka mara 33⅓ kwa dakika, yaani kila mzunguko ni sekunde 1.8. Ile ndogo ya 45 inachukua sekunde 1.33. Mwendo ukipungua, noti inashuka. Ukiongezeka, noti inapanda. Mabadiliko hayo yakija polepole, wimbo unayumba kama mwimbaji aliyepitia baa kwanza. Yakija haraka haraka, huyasikii kama kuyumba bali kama ukungu: gita linapoteza makali na huelewi kwa nini. Halafu kuna mota. Kila mota hutetema, na mtetemo huo ukipata njia ya kufika kwenye sindano, unageuka mngurumo kwenye spika, kama lori lililosimama nje na dereva hajazima injini.

Njia ya zamani ya kuzungusha sahani ndiyo ya gurudumu. Mota inazunguka kasi, karibu mara 1,500 kwa dakika kwa stima yetu, na katikati ya mota na ukingo wa ndani wa sahani kunawekwa gurudumu dogo la mpira linalobana pande zote mbili. Garrard 301 ya Uingereza, iliyotoka miaka ya 1950 kule Swindon, ilifanya kazi hivyo. Lenco za Uswisi zilitumia gurudumu pia, ila lao liligusa sahani kwa chini. Na hapa kuna jambo ambalo wataalamu wetu wa kahawa hawalitaji: redio-gramu nyingi zilizokuwa sebuleni mwa wazee wetu, zile kabati za mbao zenye redio upande mmoja na deki upande wa pili, zilizungushwa na gurudumu la mpira. Jukuboksi za baa, hivyo hivyo. Ukitaka kuwa mtu wa asili, ukitaka kusikia benga ilivyosikika ilipokuwa mpya, basi hiyo ndiyo sauti. Ilikuwa na mngurumo na hakuna aliyelalamika, kwa sababu baa ilikuwa imejaa.

Mkanda ulikuja kutibu mngurumo huo. Mwaka 1961, Edgar Villchur na kampuni yake ya Acoustic Research kule Massachusetts walitoa deki yenye wazo rahisi ajabu. Mota ndogo ya polepole iwekwe kando, isigusane na sahani. Iivute kwa mkanda wa mpira tu. Sahani na mkono vikae pamoja juu ya springi, mbali na mota. Mpira unameza mtetemo, springi zinameza nyayo za watoto. Karibu kila deki ya mkanda inayosifiwa tangu hapo ni mtoto au mjukuu wa wazo hilo, ikiwemo Linn Sondek LP12 ya Glasgow, ambayo tangu mwanzo wa miaka ya 1970 imekuwa kitu cha kuabudiwa. Rega, Waingereza wengine, walitupa springi wakabaki na mkanda, na deki zao ni nyepesi kiasi kwamba unaweza kubeba moja kwa mkono na bado ukanunua maziwa njiani.

Njia ya tatu ni ya Wajapani wa Matsushita. Mhandisi Shuichi Obata aliuliza kwa nini kuwe na kitu chochote katikati. Mwaka 1970 ikatoka Technics SP-10, deki ambayo mota yake ndiyo mhimili wa sahani: mota ikizunguka mara 33⅓, sahani inazunguka mara 33⅓. Mwaka 1972 ikafuata SL-1200, na mwishoni mwa muongo huo SL-1200MK2, ambayo sumaku ya mota imefungwa ndani ya sahani yenyewe na mwendo wake unalindwa na fuwele ya kwotsi kama ile ya saa. Inafikia mwendo kamili kwa sekunde 0.7. Ukiisimamisha kwa kidole na kuiachilia, inarudi kama vile haikuguswa. Vijana wa Bronx waliona hilo kabla ya mtu yeyote, na mengine mnayajua.

Na hapo ndipo sentensi yangu ya mwanzo ilipozaliwa. Kwa kuwa ma-DJ waliipenda mashine hii, waliojiona wasikilizaji waliiacha. Miaka ya 1970 na 1980 magazeti ya muziki ya Uingereza yaliimba wimbo mmoja: mkanda una joto, mkanda una pumzi, mota ya moja kwa moja ina sauti kavu kwa sababu ile elektroniki yake haiachi kujirekebisha. Ilisaidia kwamba viwanda vya Uingereza vilitengeneza deki za mikanda. Ilisaidia pia kwamba Japani ilimwaga sokoni deki za bei rahisi za mota ya moja kwa moja, zenye masanduku ya plastiki yaliyolia kama debe. Watu wakasikia sanduku, wakalaumu mota.

Kuna ukweli mmoja unaonifurahisha kila nikiukumbuka. Ili santuri iwepo, lazima kwanza mtu achonge mfereji kwenye sahani ya kwanza kabisa, kwa mashine kubwa ya kuchongea. Mashine za Neumann za Ujerumani zilikuwa wafalme wa kazi hiyo, na VMS-80 yao ilizungushwa na mota ya Technics ya moja kwa moja. Yaani kuna santuri ambazo mtu anazicheza juu ya mkanda wake wa Glasgow huku akisifia joto lake, na mfereji wenyewe ulichongwa na mota anayoidharau.

Sasa nije kwenye masikio.

Nilipata bahati ya kuwa na deki tatu nyumbani kwa wiki mbili. SL-1200MK2 ya rafiki ambaye huchanganya muziki Ijumaa na Jumamosi, na ambaye aliniachia kwa masharti ya bibi harusi. Rega Planar 3 ya jirani. Na Lenco L75, yangu mwenyewe, iliyopita kwa fundi wa Luthuli Avenue kabla haijafika kwangu. Nilitumia katriji moja, Ortofon 2M Red, nikiihamisha kutoka mkono mmoja hadi mwingine na mizani ndogo ya sindano mkononi. Kazi ya kuudhi, lakini bila hivyo unalinganisha sindano halafu unadhani umelinganisha mota. Hilo ndilo kosa la nusu ya mabishano haya.

Nilianza na Sina Makosa ya Les Wanyika, ya 45, nakala yenye mikwaruzo ya heshima. Huo wimbo unasimama juu ya besi ya Tom Malanga: inaingia, inaacha nafasi, inaingia tena, na ile nafasi ndiyo inayokufanya utingishe bega. Kwenye Technics, nafasi hizo zilikuwa zimekatwa kwa wembe. Besi ilianza pale ilipoanza na ikaisha pale ilipoisha. Kwenye Rega, besi ilikuwa nyembamba kidogo na mwisho wa kila noti ulikuwa laini zaidi, lakini sauti ya mwimbaji ilisogea mbele, ikawa na kifua. Ukiniuliza ni mkanda au ni ule mkono mzuri wa Rega, nitasema mkono. Mkono wa Technics ni wa kazi, umeumbwa kuvumilia vurugu, na hauna adabu hiyo ya juu.

Lenco ilinishangaza. Ina mngurumo, tusidanganyane. Ukipandisha sauti kabla wimbo haujaanza, unausikia kule chini. Lakini wimbo ulipoanza, ulisukuma. Sina neno zuri zaidi. Gita la ridhimu lilikuwa na hamu ya kufika mbele, kama matatu ya Rongai iliyoona nafasi. Wapenzi wa gurudumu duniani kote husema jambo hilohilo, na maelezo yao ni kwamba sindano inapopita kwenye sehemu yenye kelele inavuta breki kidogo, mkanda unanyooka kidogo, na gurudumu lililobana haliachi. Kwenye karatasi, breki ya sindano inayobonyeza kwa gramu 2 ni ndogo mno ukiilinganisha na uzito wa sahani. Kwa hivyo nayashuku maelezo, na bado nayaamini masikio yangu. Huenda ninachokipenda ni mngurumo wenyewe, ukijaza chini kama ngoma ya mbali. Hilo si dhambi, lakini tuliite kwa jina lake: ni chumvi iliyoongezwa mezani, haikuwa jikoni.

Benga iligeuza mambo. Nilicheza santuri mbili za D.O. Misiani na Shirati Jazz. Gita la benga, wengi wamesema, linatembea kama nyatiti: noti fupi fupi, zinakimbia, hakuna inayokaa. Na hapo, ndugu zangu, tofauti kati ya Technics na Rega ilikaribia kufa. Niliweka kitambaa mbele ya deki nikawaita watu wawili, mwenye Technics na mwalimu mmoja wa kwaya. Mwenye Technics alishindwa kuitambua mashine yake mwenyewe kwenye benga, akacheka, akasema ni santuri mbovu. Noti ikiwa fupi hivyo, haikai muda wa kutosha sikio lijue kama imeyumba.

Kwenye taarab ilikuwa hadithi nyingine. Fidla inashika noti moja, inaivuta, inaivuta, na kodiani iko chini yake imelala. Hapo hakuna pa kujificha. Mwalimu wa kwaya aliinyooshea Lenco kidole ndani ya sekunde kumi: "Huyu anashuka." Rega alimpa alama nzuri. Technics aliinamia spika kwa muda akasema, "Huyu amesimama wima." Kiwango kilichotajwa na watengenezaji wa MK2 ni kuyumba kwa asilimia 0.025, na kwenye fidla ndefu nakiamini kabisa.

Kwa hivyo ukiniuliza ipi ina sauti bora, nitakuuliza unasikiliza nini. Mwenye taarab achukue mota ya moja kwa moja bila kusikiliza maneno ya watu. Mwenye sauti za watu, kwaya, folk za Kamaru na gita lake, atafurahi na mkanda mzuri. Mwenye benga ya 45 anunue kitu kingine kabisa, nacho ni sindano nzuri.

Lakini yote hayo ni kama mashine zimeingia nchini zikiwa sawa. Haziingii hivyo.

Rafiki yangu mmoja alinunua deki ya mkanda kwenye duka fulani mjini, mtumba kutoka Marekani, pamoja na transfoma ya kushusha volti 240 hadi 120. Akacheza Super Mazembe. Wiki nzima alikuwa ananiambia jinsi rumba ya zamani ilivyokuwa nzito na yenye huzuni, jinsi siku hizi tumepoteza ule utulivu. Nilipofika kwake nikasikia Shauri Yako ikitembea kama mazishi. Transfoma inabadilisha volti, haibadilishi hezi. Stima ya Marekani ni hezi 60, yetu ni 50, na mota ya deki nyingi za zamani za mkanda inafuata hezi kama kondoo. Santuri ya 33⅓ ilikuwa inazunguka chini ya mara 28 kwa dakika. Wimbo ulikuwa umeshuka zaidi ya nusu-toni tatu, na kila dakika tatu zilikuwa zimekuwa dakika tatu na sekunde 36. Aliyemuuzia alijibu kwa simu kwamba sauti ya santuri ndivyo ilivyo. Dawa yake ni puli yenye kipenyo kikubwa zaidi kwenye mota, kitu ambacho fundi mwenye mashine ya kuchonga chuma pale Gikomba anaweza kukutengenezea ukimpelekea kipimo sahihi. Japani ni vituko zaidi: nusu ya nchi, upande wa Tokyo, inatumia hezi 50, na upande wa Osaka hezi 60, yote kwa volti 100. Deki mbili za Kijapani kutoka kontena moja, na moja inaweza kuwa sawa hapa na nyingine ikachechemea.

Gurudumu lina ugonjwa uleule. Jenereta ya jengo ikiwaka na hezi zikapanda na kushuka, deki hizi zinapanda na kushuka nazo. Mota yenye kwotsi haina habari. Mradi volti ziko sawa, inahesabu mwendo wake yenyewe. Kwa mji unaopotezewa stima kila mvua ikinyesha, hii ni hoja ya sauti, si ya urahisi tu, na sijawahi kuisikia ikitajwa kwenye meza za kahawa.

Kisha kuna mpira. Mkanda unazeeka hata usipotumika. Joto la dirishani linaulegeza, unaanza kuteleza, na deki iliyosifiwa kwa pumzi inaanza kupumua ovyo. Gurudumu nalo likiachwa limebana mahali pamoja kwa miaka linapata bapa, na kila likizunguka utasikia du, du, du. Fundi wangu wa Luthuli aliishika ya Lenco akaipitisha kidole polepole. "Kijana, hii mpira bado iko na maisha," akasema. "Lakini usiache ikiwa imekanyaga sahani. Ukimaliza, zima, iachilie." Nikamuuliza na mkono je, maana Lenco hizi zinajulikana kwa viraka vya mpira vinavyoshikilia mhimili wa mkono kugeuka uji. "Hiyo nimeweka mpya, mzee wangu. Ile ya zamani ilibaki kwa vidole yangu kama ugali." Mkanda mpya utaagiza nje na kusubiri wiki tatu. Mota ya Technics, nimeona zilizofanya kazi klabuni miaka mingi na bado zinazunguka.

Na hata baada ya hayo yote, adui mkubwa wa mwendo hayuko kwenye deki. Yuko kwenye santuri: shimo la katikati. Nyingi za 45 zetu zina shimo kubwa la jukuboksi, na tunaziwekea kile kipachiko cha plastiki ambacho hakikazi vizuri. Tuseme santuri imekaa nusu milimita tu nje ya katikati. Sindano ikiwa sentimita 10 kutoka katikati, mwendo unapanda na kushuka kwa asilimia 0.5. Ikisogea ndani, sentimita 6, kuelekea mwisho wa wimbo, ni zaidi ya asilimia 0.8. Rudi uangalie ile 0.025 ya Technics. Santuri iliyokaa vibaya inaharibu mara thelathini zaidi ya mota, na inafanya hivyo juu ya deki ya aina yoyote, ya bei yoyote. Nakamichi wa Japani walilichukulia jambo hili kwa uzito hadi wakatengeneza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, deki iliyopima kasoro hiyo na kuisogeza santuri yenyewe. TX-1000, mashine ya matajiri. Sisi wengine tunaangalia mkono wa deki. Ukiuona unacheza kushoto na kulia kila mzunguko, inua sindano, isukume santuri kidogo kwa kidole, shusha tena. Mara tatu nne utapata. Haigharimu chochote na nimeona ikifanya kazi kuliko kubadilisha deki.

Neno "mkanda" lenyewe halikulindi pia. Zile deki za mkoba wa rangi rangi, zinazouzwa mtandaoni kama zawadi ya Valentine, ni za mkanda. Ziko familia moja na LP12 ukiangalia mchoro tu. Katriji yake ni ya seramiki, inabonyeza kwa uzito mara mbili au zaidi ya ule wa katriji nzuri, na sahani ni ndogo kiasi kwamba santuri kubwa inaning'inia pembeni. Ukicheza juu yake santuri mpya ya bendi ya leo, poa, utanunua nyingine. Ukicheza juu yake ile ya Shirati ya guka, unaipiga randa. Wazee waliviita vyombo vizuri hai-fai, na ukilitamka haraka neno hilo mbele ya mama yangu anadhani umekataa jambo. Kwa deki hizi, mama yuko sahihi.

Sijazitaja santuri za 78, na ndizo zilizonifanya nisiuze Lenco hata baada ya mwalimu wa kwaya kuiaibisha. Deki nyingi za kisasa, za mkanda na za mota, haziifikii 78 kabisa; MK2 yenyewe ina 33⅓ na 45 tu. L75 mhimili wa mota yake umechongwa kama pia, mwembamba huku mnene kule, na gurudumu linateleza juu yake popote unapotaka, hadi kupita 78, bila ngazi. Hilo linahitajika, kwa sababu "78" ya zamani ilikuwa ahadi zaidi ya kipimo. Studio tofauti zilirekodi kwa mwendo tofauti kidogo. Siti binti Saad na wenzake walipovuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa HMV, walichorejea nacho kilikuwa santuri za aina hii, nzito na za kuvunjika kama chungu, zenye mfereji mpana unaodai sindano yake nene ya kipekee. Ukipata moja, funga sindano hiyo, weka gurudumu kwenye 78, halafu mpigie simu mtu anayepiga udi. Mwambie akae karibu na spika na ala yake, asogeze mwendo polepole kwa mkono mpaka nyuzi zake na za kwenye santuri zikubaliane.